Maswali yenu: mabango ya grafiki ukutani galari

Meseji zimekuja nyingi, nyingine ni zilezile za mwezi uliopita, nachukua hizi.

Kaka, nina mabango 12 nimedizaini, yote yako kwenye simu, naweza kuyaprinti nikayatundika? (Sakina)

Jamani, nshasema hili mpaka nimechoka. Faili lenyewe liko wapi? Kama ulijitumia WhatsApp kama picha ya kawaida ujue imeshabanwa, na karatasi saizi ya A2 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 4961 kwa 7016, hiyo yako itatoka ukungu mtupu. Tafuta faili orijino, ukikosa chora upya.

Fleksi (lile turubai la plastiki) au karatasi?

Karatasi, mati (isiyong'aa), gramu 200 kwa mita mraba kwenda juu, glosi inang'aa na inarudisha taa machoni kwa mtu. Fleksi tundika tu kama bango lilitoka hivyo tangu mtaani.

Shikamoo mkuu. Mwalimu wangu wa uchoraji anasema grafiki ni biashara tu, haina nafasi galari. Kweli? (Majengo, Moshi)

Marahaba mdogo wangu. Mwambie Toulouse-Lautrec, mchoraji Mfaransa, mwaka 1891 alichora bango la Moulin Rouge, tangazo kabisa la ukumbi wa starehe Paris, likabandikwa kwenye kuta za mitaani, na leo liko makumbusho. Poland wana makumbusho ya mabango peke yake, Wilanów pale Warsaw, tangu 1968. Kwa hiyo hilo la biashara tuliache.

Kinachoniuma mimi ni vile tunavyoyaonyesha. Bango lilizaliwa likae stendi, lipigwe jua na mvua, litoe watu nyumbani waje kwenye mechi, sasa ukilitia fremu ukalinyamazia umelikata miguu. Andika pembeni nani aliagiza, mwaka gani, zilitoka kopi ngapi, zilibandikwa wapi, nani aliprinti. Kama una kopi iliyochanika kona kule Kaloleni ilete hiyohiyo, weka na zile rasimu mteja alizokataa, watu waone kazi ilivyopita. Na jina la dizaina! Niliingia maonyesho fulani hapa Arusha, ukuta mzima umejaa mabango, jina la mdhamini kubwa mlangoni, la dizaina hata mmoja hamna. Nilitoka na hasira mpaka Mnara wa Saa.

Nikitoa picha ya Mmasai Google nikabadilisha rangi inakuwa yangu?

Hapana. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999 na kubadilisha rangi hakukupi umiliki. Halafu yule ni mtu, ana uso wake, panda gari nenda Monduli ukaombe ruhusa upige yako. Na Mmasai, twiga na Kilimanjaro kwenye bango moja tupumzike kidogo.

Nitundike karibu na dirisha?

Usithubutu, jua linakula wino. Makumbusho wanashusha taa mpaka kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi, wewe unaweka dirishani!

Mteja alishanilipa, bango naweza kulionyesha?

Soma mkataba. Kama hamkuandikiana muombe ruhusa kwa maandishi, hata meseji, kabla hujapiga msumari, na akikubali itunze hiyo meseji.