Usiache apt kwa sababu ya maneno ya watu

Msomaji mmoja ameniandikia. Ameweka Tomcat (seva ya kuendesha programu za wavuti za Java) kwenye Debian 12, aina ya Linux, kwa apt, zana yake ya kuweka na kusasisha vifurushi vya programu. Programu yake ya wavuti inafunguka vizuri, ila mtumiaji akipakia picha, inagoma. Amebadilisha mwenye folda, akaweka hata chmod 777, yaani ruhusa ya kila mtu kuandika, wapi! Wenzake wanamshauri aachane na apt, apakue Tomcat mwenyewe na kuifungua ndani ya /opt.

Maneno hayo nayajua, na bado yananichoma. Niliwahi kupendekeza kikaoni kwamba seva zetu zote zitumie vifurushi vya mfumo. Mkubwa wangu akacheka mbele ya watu, akasema hiyo ni njia ya wasioijua Linux. Baadaye nikaitwa mimi kuokoa seva iliyowekwa kwa mkono: Tomcat inaendeshwa na root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), aliyeiweka hajulikani, na haijasasishwa tangu siku ya kwanza. Nikaiondoa yote, nikaandika apt install tomcat10, nikarudisha faili ya war (programu ya wavuti ya Java iliyofungashwa) na mipangilio yake. Sasa inapata marekebisho ya usalama kwa apt upgrade ileile inayohudumia mfumo mzima. Naionea fahari kazi ile.

Ndugu yangu, usikubali kuonewa aibu kwa kufanya jambo sahihi. Kifurushi kinakuundia mtumiaji anayeitwa tomcat asiye na mamlaka ya root, kinaiandikisha huduma kwenye systemd (inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo), kinaweka mipangilio /etc/tomcat10, programu /var/lib/tomcat10/webapps na logi (kumbukumbu za matukio) /var/log/tomcat10. Atakayekuja baada yako atajua pa kuangalia. Anayekuhimiza uweke kwa mkono, muulize nani atafuatilia matoleo mapya wewe ukiwa likizo.

Tuje kwenye picha zako. Soma logi vizuri. Bila shaka utakuta "Read-only file system", wala si "Permission denied". Faili ya huduma iliyokuja na kifurushi ina mstari ProtectSystem=strict, yaani Tomcat haiwezi kuandika popote kwenye diski isipokuwa folda chache zilizotajwa humo. Ndiyo maana chmod haifui dafu. Usiiguse faili yenyewe. Andika systemctl edit tomcat10, kisha uongeze (badala ya /srv/picha weka folda yako ya picha):

[Service]
ReadWritePaths=/srv/picha

Hifadhi, halafu systemctl restart tomcat10. Na ile 777 iondoe leo hii! Mpe tomcat umiliki wa folda, weka 750 (mwenye folda peke yake ndiye anayeandika), inatosha kabisa.

Ukiwa na programu ya zamani iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9, haitakubali hivi hivi, kwa kuwa kuanzia toleo la 10 majina ya maktaba za servlet (sehemu za Java zinazojibu maombi ya wavuti) yaliyoanza na javax sasa yanaanza na jakarta. Hapo apt haina kosa. Apache wanatoa zana ya kuigeuza war. Igeuze kwanza, ndipo uiweke kwenye webapps.