Subaru Impreza ya 2005 au Impreza G4 ya 2012?
Mdogo wangu wa Uyole, nimekusoma, hela inatosha moja tu na unataka sedani yenye mwendo. Mi nimeendesha zote. Ya 2005 injini ni aina ya EJ, inatumia taimingi belti, yaani mkanda unaoendesha vavu za injini kwa mpangilio, hiyo badilisha kila kilomita laki moja hivi maana ikikatika vavu zinaweza kupinda na hapo utauza mpaka mbuzi, ila giaboksi yake ya kawaida mafundi wengi wanaijua. Toleo la G4 lililokuja mwishoni mwa 2011 likaleta injini aina ya FB yenye cheni badala ya belti, mafuta inabana, shida giaboksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, haitaki oili ya kubahatisha wala kuikandamiza mlima Kitonga na mzigo. Ningechukua G4. Kabla hujalipa, fundi wa Subaru aipime kwa kompyuta, aangalie na uvujaji wa oili.