Maswali Yenu: Nitafute Tafiti Wapi, na kwa Maneno Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasomea lishe na ninaandaa mapitio ya tafiti kuhusu chakula cha nyongeza na upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Msimamizi wangu anataka nitafute PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala ya tiba, kwa istilahi za MeSH (orodha rasmi ya istilahi za tiba), ilhali wenzangu wanasema Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta kazi za kitaaluma, inatosha, tena inaleta makala mengi zaidi. Nimsikilize nani?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Anza na msimamizi wako, ila usiwapuuze wenzako. Wingi wa makala peke yake si kipimo. Njia ya kutafuta hupimwa kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida huvutana: katika tafiti zote zinazohusika, imenasa ngapi, na katika ilizonasa, ngapi zinahusika kweli. Juya la macho madogo huleta dagaa wengi, na mwani pia.

MeSH, iliyoanzishwa mwaka 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huyakusanya makala chini ya istilahi ya pamoja hata kama waandishi wake wametumia maneno tofauti. Katika mada yako hilo si jambo dogo. Makala ya zamani huandika "weaning", yaani kulikiza. Ya sasa hupendelea "complementary feeding", kwa kuwa mtoto wa miezi 6 huanzishiwa uji huku akiendelea kunyonya. Anayetafuta kwa neno la sasa pekee hukosa kazi nyingi za miaka ya nyuma.

Hata hivyo, makala mapya ambayo bado hayajapewa istilahi, pamoja na yale ya majarida yasiyomo katika MEDLINE (sehemu ya PubMed ambayo makala yake hupewa istilahi za MeSH), yakiwemo mengi ya Afrika, hayatanaswa na MeSH peke yake. Kwa hiyo unganisha istilahi na maneno ya kawaida kwa neno "OR" (au). Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: ukiandika "anaemia" (upungufu wa damu) bila alama yoyote, PubMed yenyewe hutafuta pia "anemia", lakini ukilifunga neno kwa alama za kunukuu, au ukilikata kwa kinyota na kuandika anaem*, msaada huo hukoma, na tahajia ya Kimarekani inakuponyoka. Andika zote mbili.

Google Scholar ina nafasi yake, kwani hupekua matini nzima na kufikia tasnifu za vyuo ambazo PubMed haina. Udhaifu wake ni kwamba haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa kila utafutaji, na mpangilio wake ni vigumu kuurudia, jambo ambalo mtahini atakuuliza. Itumie kama nyongeza, pamoja na AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998.

Lakini usiniamini mimi wala wao, pima mwenyewe. Kusanya makala kumi unayojua kwa hakika kwamba yanahusika, kwa mfano kutoka katika marejeo ya mapitio yaliyotangulia, kisha uangalie kila njia inanasa mangapi. Ikikosa mawili, yafungue usome maneno ya kichwa na muhtasari wake. Mara nyingi utakuta neno ambalo hukulifikiria. Liongeze, utafute upya, na uandike tarehe ya utafutaji huo.