Kabla hujampelekea fundi mixa yako, shika bisibisi kwanza

Mie napika keki na mikate nyumbani, hapa Ngamiani Tanga, na mixa yangu ni ile ya kichwa kinachoinuka, niliichukua mtumba. Mwaka jana ikaanza tabia, juu inachanganya vizuri ila chini ya bakuli siagi na sukari vinabaki kama vilivyo, keki ikiiva unakuta ina mstari wa mafuta chini kama kovu. Mteja wa Raskazone akanipigia, dada hii keki ya machungwa mbona ina mabonge? Niliona aibu, machungwa yenyewe nimeyafuata Muheza.

Nikaipeleka kwa fundi, akaiwasha, akaitegea sikio kama daktari, akasema mota imechoka, andaa laki na nusu. Nikabeba mashine yangu nikarudi nayo.

Kumbe mota nzima kabisa jamani! Ukiinua kichwa, pale shingoni kinapokunjia kuna kaskrubu, watu wengi tunakaona miaka yote hatujui kazi yake. Ndio kanaamua mwiko, kile chuma cha kuchanganyia, ushuke kiasi gani kwenye bakuli. Mtikisiko wa kila siku unakalegeza kidogo kidogo, mwiko unapanda, chini hapafikiwi tena.

Chomoa waya ukutani kwanza, sio kuzima swichi tu, CHOMOA. Afu kwenye yangu ukizungusha kulia mwiko unashuka, kushoto unapanda. Mie nilivyokuwa na hasira nikazungusha kulia mzunguko mzima, nikawasha, ko-ko-ko-ko, mwiko unagonga bakuli mpaka ile rangi nyeupe ikabanduka. Huo mwiko nikautupa, rangi ikishaanza kutoka itakuja kutokea kwenye keki ya mtu. Kwahiyo robo mzunguko tu, jaribu, robo tena.

Kujaribu ni kwa sarafu. Wamarekani wanatumia dime, senti 10 yao, ndogo na nyembamba, mie nilitumia ya shilingi 50. Weka kwenye bakuli tupu, funga mwiko bapa, spidi ya chini kabisa. Mwiko ukipita uisukume kidogo, kama sentimita moja hivi kila mzunguko. Haiguswi kabisa, mwiko uko juu, na ikiburuzwa raundi nzima bila kupumzika basi uko chini mno, pandisha. Dakika kumi nilimaliza, na ile laki na nusu ikaenda kwenye ada.

Yako ikiwa ya bakuli linalopanda kwa mkono wa pembeni, skrubu inapandisha bakuli sio mwiko, kwahiyo mambo yanageuka, kushoto ndio wanakaribiana. Na zingine hazina skrubu ya shingoni, nati iko kwenye shina la mwiko wenyewe, unalegeza kwa spana.

Kichwa kikirukaruka ukikanda ngano, angalia pini ya bawaba pembeni ya shingo, ikiwa imechomoza irudishe ndani ukaze kiskrubu cha nyuma. Ila jiulize pia umeweka ngano kiasi gani shoga. Siku za Ramadhani tunataka kilo mbili ziingie kwa mpigo, mixa ya nyumbani haijatengenezwa kwa hilo, gawa mara mbili, na donge zito usizidishe spidi ya 2. Jioni umeme ukiwa mdogo mie sikandi kabisa, mota inakosa nguvu inachemka. Mashine nyingi zina gia moja ndani imefanywa laini makusudi, ikizidiwa inaliwa yenyewe ili mota isife. Ukisikia mota inaunguruma lakini mwiko hauzunguki, ni hiyo, mwambie fundi gia, asikuuzie mota.

Ikikatakata, inawaka inazima, na cheche zinaonekana ndani, hizo ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Nyingi zina vifuniko viwili ubavuni, unafungua kwa bisibisi bapa, kaboni ikiwa fupi chini ya milimita 6 hivi badilisha zote mbili, bei yake haifiki popote.

Mafuta yakidondoka kwenye unga usiogope sana, mashine ikikaa muda bila kazi grisi inajitenga, na joto letu hili la pwani ndio kabisa. Futa, iwashe kila wiki hata tupu. Yakizidi, grisi ibadilishwe, na uulize kama ni ya vyombo vya chakula, usikubali ya pikipiki.

Halafu hizi zawadi za ndugu. Jirani yangu wa barabara ya pili kaletewa mixa kutoka Marekani, nzuri ya rangi nyekundu, kaitafutia adapta ya plagi tu akachomeka. Ya kwao ni volti 120, kwetu 230, adapta inabadilisha miguu haibadilishi umeme. Ilizunguka kama pangaboi sekunde chache, moshi, basi. Ingehitaji transfoma yenye wati nyingi kuliko za mixa. Sa hivi iko juu ya kabati sebuleni, kaitandikia kitambaa, wageni wanaisifia.