Barua kwa Mwanangu: Samaki wa Toyosu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako na kuisoma mara mbili. Unaniuliza, kwa kuwa mwezi ujao kazi itakupeleka Tokyo, kama inafaa ulipie tiketi ya lile jumba la taa nililoingia nilipokwenda kwa mama mdogo wako, au ni disko la mchana lililopewa jina la sanaa, maana katika picha nilizokutumia hukuona mchoro wala mchoraji. Nenda, mwanangu. Picha zangu ndizo zilizokupotosha.

Jumba hilo linaitwa teamLab Planets, nalo lipo Toyosu, kwenye ardhi iliyopatikana kwa kufukia sehemu ya Ghuba ya Tokyo. Lilifunguliwa Julai 2018 likikusudiwa kuwa la muda tu, kisha muda huo ukawa unaongezwa. Walioliunda ni teamLab, kundi lililoanzishwa mwaka 2001 ambamo wasanii hufanya kazi pamoja na wahandisi, wanahisabati na waandishi wa programu za kompyuta, na ndiyo sababu hukumwona mchoraji mmoja wa kumtaja kwa jina.

Siku ile tulianzia kwingine. Nilimwambia mama mdogo wako kwamba binti wa mvuvi hawezi kufika Tokyo akaondoka bila kuliona soko la samaki, ambalo nalo lilihamia Toyosu kutoka Tsukiji Oktoba 2018, basi akaniamsha kabla ya alfajiri ili tuuwahi mnada wa jodari. Tuliutazama kutoka juu, nyuma ya kioo. Jodari walikuwa wamelazwa sakafuni kwa safu, mikia imekatwa ili wanunuzi waikague nyama kwa tochi, na pale nilipokuwa haikunifikia harufu hata kidogo. Mimi soko la samaki lisilonuka nilikuwa sijapata kuliona. Kutoka hapo tukapanda treni isiyo na dereva (nilikwenda kukaa mbele kabisa ili nihakikishe) na kushuka kituo kilichofuata.

Mlangoni mwa lile jumba unavua viatu na soksi, unavifungia kabatini, unaingia peku. Nilikuwa nimevaa gauni refu na suruali ndani, nikashukuru, kwa sababu vyumba vingine vina sakafu ya vioo vya kujitazamia. Suruali nikaikunja hadi juu ya magoti, gauni nikalifunga kibwebwe kwa mtandio, kama tulivyokuwa tukifanya wakati wa bamvua tukienda kuchokoa pweza. Hata hivyo pindo lililowa.

Chumba ninachotaka ukae zaidi ni kile cha maji. Ni kikubwa, kina giza, na maji yake ni meupe kama tui, yanakufika magotini. Juu ya maji hayo wanaogelea koi, wale samaki wa rangi ambao Wajapani huwafuga madimbwini, ila hawa ni mwanga mtupu unaomulikwa na projekta. Mmoja alinijia kutoka kushoto, mwekundu, akiacha mstari wa rangi nyuma yake, nami bila kufikiri nikainua mguu nisimkanyage. Akanigonga kwenye muundi wa mguu wa pili, akapasuka akawa maua, na maua yakasambaa juu ya maji hadi yakafifia. Sikuhisi kitu ila maji. Nilicheka peke yangu gizani, mtu mzima mimi.

Sasa hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la disko. Taa za disko huzunguka vilevile hata ukumbi ukiwa mtupu. Hawa samaki hawakurekodiwa mahali wakawa wanarudiwa kama filamu; kompyuta huwachora papo hapo kufuatana na watu waliomo majini, hata mchoro uliopita haurudi tena. Babu yako alivua dagaa siku za giza kwa karabai, na unajua mwenyewe jinsi samaki wanavyoifuata taa. Pale Toyosu taa ndiyo samaki, na anayewageuza njia ni wewe uliyesimama ndani ya maji. Simu yangu ilinasa rangi tu. Wale jodari wa kweli niliwaona kwa kioo, nikaondoka, lakini hawa wa uongo nusura niwaombe radhi.

Kwenye chumba cha taa ndogondogo zinazoning'inia kama shanga usikawie. Kinapendeza, lakini nilipoingia mimi kila mtu alikuwa akijipiga picha na hapakuwa na pa kusimama. Usiikose bustani ya okidi. Yale ni maua hai, zaidi ya 13,000, yamening'inizwa bila udongo, na ukiyakaribia yanapanda juu kukupisha, ukipita yanashuka nyuma yako. Pale nilikaa chini.

Nunua tiketi mapema kwenye intaneti, maana kila tiketi ina saa yake ya kuingia, na uchague ya asubuhi ili utoke sokoni uende moja kwa moja. Vaa suruali inayokunjika. Simu iache kabatini pamoja na viatu, hata kama hutanitumia picha.

Wako akupendaye,
Mama