Graindikoo bila mpiga ngoma?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: hadikoo panki, ile roki ya panki iliyoongezwa kasi na ukali, ikifika kasi gani ndipo inageuka kuwa graindikoo, muziki uliozaliwa nayo na kuipita kwa ukali? Nimesoma majibu ya mwanzo mliyochapisha na damu imenichemka, maana karibu kila mtu amekimbilia kuhesabu mapigo. Kama kasi ndiyo kipimo, basi Mburahati ya Dar es Salaam wameshamaliza kazi zamani. Nyimbo za singeli kutoka studio ya Sisso, zile ambazo watu wa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala walizikusanya na kuzitoa mwaka 2017, zinapita mapigo 200 kwa dakika, na singeli nyingine hukaribia 300. Hakuna mtu Dar es Salaam anayeziita panki. Kwa hiyo kasi tuiweke kando.

Swali linalonikosesha usingizi ni hili: graindikoo inaweza kuwepo bila mtu aliyekaa nyuma ya ngoma? Msimamo wangu wa miaka mingi ni kwamba haiwezi.

Chukueni Scum, albamu ya bendi ya Uingereza ya Napalm Death, iliyotoka mwaka 1987. Kila shabiki anajua kwamba upande wa kwanza ulirekodiwa Birmingham mwaka 1986 na wa pili mwaka uliofuata, na katikati hapo bendi ilivunjika na kuundwa upya. Justin Broadrick na gitaa lake wakaondoka. Nik Bullen, aliyekuwa akiimba na kupiga besi, naye akaondoka. Wakaja Lee Dorrian, Bill Steer na Jim Whitely. Aliyebaki pande zote mbili ni mmoja tu, Mick Harris, mpiga ngoma. Sauti ilibadilika, gitaa likabadilika, besi ikabadilika, na bado ukiigeuza santuri unajua uko kwenye muziki uleule. Discharge wa Stoke-on-Trent walikuwa wameshaonyesha panki inavyoweza kupondwa, na Siege wa Massachusetts walikuwa na kasi ya kutisha tangu mwaka 1984. Lakini kilichoishikilia Scum ni ile blasti ya Harris: mguu na mkono vinapishana bila nafasi ya kuvuta pumzi, hadi sikio linaacha kuhesabu.

Nitawaeleza ni wapi nilipoamini hivyo kabisa. Ilikuwa Nairobi, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi katikati ya mji, bendi ya vijana ambao leo hawapigi tena pamoja. Mpiga ngoma wao alijifunzia kanisani, kama wapiga ngoma wengi wa mji huu, na nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia springi ya pedali ikilia. Katikati ya wimbo stima ikapotea. Magitaa yakazimika, maikrofoni ikafa, giza likatufunika sote. Ngoma haikusimama. Watu wakawasha tochi za simu na taa zote zikamwangukia yeye. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kijiti cha kushoto kilikuwa kimepasuka kichwani na vibanzi vinaruka, akakigeuza mkononi akaendelea kupigia kitako chake bila kupoteza pigo hata moja. Kisha mkono ukaanza kuchoka. Mliowahi kusimama karibu na ngoma mnajua: kasi inalegea kidogo sana, bega linapanda, mtu anauma meno. Tukaisikia ikishuka, halafu akaivuta ikarudi, ikashuka tena, akaivuta tena. Mwimbaji akaitupa ile maikrofoni iliyokufa, akapiga magoti mbele ya ngoma kubwa na kupaza sauti kwa koo tupu. Hatukusikia neno hata moja, na hakuna aliyeondoka. Jenereta ilipowaka na magitaa yakarudi, nilitamani wangelizima.

Tukiwa tunangoja matatu nilimwambia binamu yangu, mtoto wa Temeke aliyekulia kwenye vigodoro: umeona? Kompyuta ingekufa na stima. Akanijibu, "Kaka, laptopu ina betri. Halafu wewe ulimtazama mpiga ngoma tu. Mimi nilikuwa namtazama yule aliyepiga magoti." Tulibishana mpaka tulipoachana na hatukupatana.

Ndiyo maana kundi la Duma la Nairobi walipotoa albamu yao mwaka 2020 nilikuwa mstari wa mbele kukataa. Wenye kundi hilo, mwimbaji Martin Khanja na mwenzake Sam Karugu, ni watu wa metali ya Nairobi, hilo sikulipinga, na albamu yenyewe niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini ngoma zake zimepangwa kwenye mashine, zinafyatuka kwa namna ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifuata. Nikasema huu ni muziki mzito, ni muziki wetu, ila graindikoo sio.

Sasa nimekaa kuandika jibu hili nikiwa nimekusudia kumaliza hapo, na Agoraphobic Nosebleed hawaniachii. Scott Hull aliianzisha bendi hiyo Massachusetts mwaka 1994, wakafanya kazi na mashine ya ngoma miaka nenda miaka rudi, na mashabiki wengi wa graindikoo wanawahesabu miongoni mwa wakubwa. Mimi mwenyewe ninazo rekodi zao na sijawahi kuziweka kwenye kundi jingine. Mashine ya Massachusetts inapita mlangoni, ya Nairobi inasimamishwa iulizwe kitambulisho? Hilo siwezi kulitetea.

Nikirudia usiku ule, naona binamu alikuwa na hoja nzito kuliko nilivyompa. Nilichokipenda kwa yule kijana wa ngoma ni mwili uliofika mwisho wa nguvu zake na kukataa kuacha. Mwili huo si lazima uwe wa mpiga ngoma. Kwa Duma uko kooni kwa Khanja: mashine haichoki, yeye anachoka, sauti inapasuka, inakwaruza, na bado anaifukuza.

Basi hukumu yangu ni kwamba Duma ni graindikoo. Kuna vipande vya albamu ile vilivyo karibu zaidi na kelele tupu ya elektroniki, na hivyo sitagombana na mtu atakayevitenga. Na siku itakayokuja bendi ambayo ngoma ni za mashine na koo pia ni la mashine, nitarudi kwenye msimamo wangu wa zamani bila kusita. Ila wale wanaompokea Hull na kumkataa Karugu, ukurasa huu uko wazi wiki ijayo, na ningependa sana kusoma sababu yao.