Muulize Fundi Picha: utepe mwekundu, majaji wa shule na picha za WhatsApp

SWALI: Habari fundi. Mimi ni Mkenya naishi Iowa, Marekani. Binti yangu wa miaka 12 yuko 4-H, klabu ya watoto na vijana ya huku Marekani, na mwezi wa saba anapeleka picha tena kwenye maonesho ya kaunti. Mwaka jana alipeleka picha ya bibi yake akisonga ugali, kapewa utepe mwekundu, mtoto kalia njia nzima. Mi nilidhani nyekundu ni namba mbili, kumbe wenzake kibao wana bluu! Sasa hayo ni mashindano gani? Na jaji kaandika eti uso hauonekani vizuri.
*Mama Binti, Des Moines*

JIBU: Pole dada yangu, ila binti hajashindwa na mtu hapo. 4-H sehemu nyingi wanatumia mfumo wanaouita wa Kidenishi, yani kazi ya mtoto haipimwi na ya mwenzake, inapimwa na kiwango kilichowekwa, kama mtihani wa leseni ya udereva tu, wakifaulu ishirini wanafaulu ishirini. Bluu maana yake umefikia kiwango vizuri, nyekundu kazi ni nzuri ila kuna kitu cha kurekebisha, nyeupe bado kazi ipo. Zambarau ndo ya wachache, hapo sasa ndo wanaanza kulinganisha.

Halafu huyo jaji kakusaidia sana. Naotea tu, bibi alikuwa na dirisha nyuma yake, si ndio? Simu ikiona mwanga mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima, na sisi wenye ngozi nyeusi ndo tunazama kabisa, yanabaki meno na kitenge. Mwambie aguse uso wa bibi kwenye skrini halafu kakitokea kale kaalama ka jua pembeni, ka kuongeza mwanga, akapandishe juu kidogo. Bora zaidi azunguke yeye, asimame upande ambao dirisha linampiga bibi ubavuni, manake bibi hawezi kuhamisha sufuria kisa picha. Dirisha la pembeni linachora mikunjo ya uso na hata mvuke wa ugali unaonekana, hapo huhitaji filta yoyote.

Jambo lingine, huko Iowa kaunti nyingi jaji anakaa mezani na mtoto wanaongea ana kwa ana: ulikuwa unataka kujifunza nini, ulifanyaje, umejifunza nini. Sasa mzazi ukimchagulia picha, ukamkatia, ukamwandikia na maelezo, mtoto atakwama hapo hapo na jaji atajua. We mpeleke tu studio na umlipie. Na msome kitabu cha sheria cha kaunti yenu mapema, vipimo vya picha na kadi ya kubandikia vinatofautiana, inauma picha nzuri kurudishwa kisa imewekwa fremu ya kioo wakati wamekataza.

SWALI: Fundi mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya picha, sekondari moja hapa Mwanza. Muhula huu tunaonesha kazi za wanafunzi na tuko walimu watatu wa kuamua. Mara ya mwisho aliyeshinda ni mwenye kamera ya bei mbaya, watoto wakanung'unika.
*Mlezi, Mwanza*

JIBU: Mwalimu, wana haki ya kunung'unika. Vigezo viandikwe na wanafunzi wapewe kabla hata hawajaanza kupiga. Mimi ningegawa hivi: picha inasema nini alama 40, mwanga na fokasi (yani picha iwe kali, isiwe na ukungu) 30, mpangilio 20, usafi wa kazi 10. Ukiiweka fokasi juu ya yote mwenye kamera kubwa atashinda kila mwaka.

Majina yafichwe nyuma. Zungukeni kwanza mtazame zote kimya bila kalamu, raundi ya pili kila mmoja ajaze karatasi yake ndo muongee, la sivyo mwenye sauti kubwa anawaburuza wengine. Mwenye mwanae humo akae pembeni. Na maoni tafadhali msiandike "jitahidi", haimsaidii mtu, andika "mtumbwi umekaa katikati kabisa, ungeusogeza kushoto tukaona ziwa unakoelekea". Mtoto anaelewa na kesho anaenda kujaribu.

Ah, na picha za wagonjwa au watoto wa watu ambao hawajaombwa ruhusa zisipande ukutani, hata ziwe nzuri vipi.

SWALI: Shikamoo fundi. Picha kwenye simu ilikuwa safi kabisa ila studio walivyoisafisha imetoka na ukungu na wamekata mguu wa mtu. Kwanini?
*Kidato cha pili, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Uliwatumia WhatsApp, ile inaikandamiza picha. Karatasi ya inchi 8 kwa 10 ikitoka vizuri inataka kama pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 2400 kwa 3000, sasa ikishapunguzwa itatoa wapi? Itume kama dokumenti au beba waya uende nayo. Mguu umekatwa kwa sababu picha ya simu kwa kawaida ina uwiano wa pande wa 4 kwa 3 na hiyo karatasi ni wa 5 kwa 4, haziingiliani, lazima kitu kitoke. Ikate mwenyewe kabla hujaenda, na siku ya kupiga rudi nyuma hatua moja ubakize nafasi pembeni.